Nani Mkubwa Ulingoni? Ubishi wa Mieleka Kando ya Ziwa Mweru

Tarehe 1 Desemba kila mwaka Ziwa Mweru hufungwa. Sheria ya Zambia inawataka wavuvi wawaache samaki wazaliane mpaka Februari iishe. Nyavu zinaanikwa, mitumbwi inavutwa mchangani, na watu waliozoea kukesha majini na taa wakiwavizia chisense, dagaa wa ziwa hili, wanabaki nchi kavu miezi mitatu. Kashikishi, soko la samaki lililoungana na mji wa Nchelenge, linapoa. Kinachochemka ni ubishi: siasa, mpira, na penye kibanda cha video na jenereta inayounguruma, mieleka.

Ubishi huo huanza kwa Kibemba na mara huchanganyika na Kiswahili, kwa kuwa ng'ambo ya maji ni Kongo. Wafanyabiashara wa Pweto na Kilwa (Kilwa ya Katanga, si ile ya pwani yetu) wanavuka na Kiswahili chao. Tangu mwishoni mwa 2017 wamekuja pia maelfu waliokimbia mapigano katika mikoa ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza Kenani, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa humo humo wilayani Nchelenge. Kwa hiyo anapotajwa Mmarekani John Cena, yupo atakayemjibu kwa kumtaja bingwa wa Kinshasa. Na swali ni lile lile la kila kijiwe cha mieleka duniani: nani mkubwa kuliko wote?

Mimi ni mshabiki wa mchezo huu, na swali hilo nalichukulia kwa uzito. Ila kuna jambo la kuwekwa wazi kwanza. Rekodi ya marathoni huandikwa na miguu ya mkimbiaji. Rekodi ya mieleka ya kulipwa huandikwa ofisini: mwenye kampuni ndiye anayeamua nani avae mkanda, auvae siku ngapi, na amwachie nani. Vince McMahon, aliyeinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982 na kuifanya WWE tunayoijua, aliruhusu mwaka 1989 kampuni yake iyakiri hayo mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey, kwa lengo la kukwepa kodi na masharti ya michezo. Basi kila rekodi ikitajwa, tuulize: hii imeandikwa na nani? Bosi, mwili wa mchezaji, au watazamaji?

Umati mkubwa kuliko wote

Umati mkubwa zaidi uliowahi kutangazwa katika mieleka haukuwa Marekani. Ulikuwa Pyongyang, Korea Kaskazini, tarehe 28 na 29 Aprili 1995, katika Uwanja wa May Day. Waandaaji walitangaza watu 150,000 siku ya kwanza, na zaidi ya hapo siku ya pili, Antonio Inoki wa Japani alipopambana na Ric Flair wa Marekani. Muhammad Ali alikaa pale kama mgeni wa heshima. Inoki alikuwa na sababu ya kwenda huko: mwalimu wake, Rikidozan, baba wa mieleka ya Japani, alizaliwa upande wa kaskazini wa Korea.

Lakini viti vile vilijazwa na serikali. Flair, aliyekuwa akizomewa na kushangiliwa katika kila mji wa Marekani, alisimama mbele ya halaiki isiyomjua wala kujua ashangiliwe au azomewe. Mimi siuhesabu umati wa namna hiyo.

Wamarekani nao wana mazoea ya kuongeza chumvi. WrestleMania III, onyesho kuu la kampuni ya McMahon, tarehe 29 Machi 1987, pale Hulk Hogan alipomnyanyua André the Giant, ilitangazwa kuwa na watu 93,173. Mwandishi Dave Meltzer ameshikilia miaka yote kwamba walikuwa kama 78,000. WrestleMania 32 ya Texas mwaka 2016 ikatangazwa 101,763, kisha McMahon mwenyewe akakiri kwamba ndani ya idadi hiyo wamo waonyesha viti na wakata tiketi. Mwaka 2023 kampuni changa ya AEW ilitangaza tiketi 81,035 katika Uwanja wa Wembley, London, na takwimu za halmashauri zikaonyesha walioingia ni 72,265. Hata ukichukua hiyo ndogo, kuna jambo moja linaloipa uzito: tiketi nyingi zilinunuliwa kabla ya pambano hata moja kutangazwa. Watu walitoa pesa zao kwa mapenzi ya mchezo wenyewe. Kura yangu ya umati naipa Wembley.

Mkanda uliokaa kiunoni

Hapa ofisi ndiyo inayotawala. Bruno Sammartino, Mwitaliano aliyehamia Marekani akiwa mtoto, aliuchukua mkanda tarehe 17 Mei 1963 kwa kumwangusha Buddy Rogers katika sekunde 48, akakaa nao siku 2,803 mpaka Januari 1971. Katika zama zetu Roman Reigns alikaa na wake siku 1,316, kuanzia Agosti 2020 hadi Aprili 2024. Kwa upande wa wanawake kampuni inamwandikia Fabulous Moolah karibu miaka 28, kutoka 1956 hadi 1984, ingawa katikati alipoteza mkanda na kuurudisha zaidi ya mara moja. Ofisi ilichagua tu kuzisahau siku hizo.

Ila tazama kilichomkuta Moolah baada ya kufa. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza pambano la wanawake la WrestleMania kwa jina lake. Washabiki wakaja juu, wakikumbusha shutuma za wanawake aliowafundisha, kwamba aliwanyonya mapato yao na kuwatenda maovu makubwa zaidi ya hayo. Katika siku chache jina likaondolewa. Miaka 28 ya kwenye karatasi ilishindwa na kelele za watu walionunua tiketi. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba maoni ya mshabiki ni maneno ya kijiweni tu.

Bingwa wa kwanza aliyezaliwa Afrika

Kofi Kingston alizaliwa Ghana mwaka 1981 na kukulia Marekani. Alipoonekana kwenye televisheni mara ya kwanza, Januari 2008, alitambulishwa kuwa anatoka Jamaika, akaongea kwa lafudhi ya kuigiza. Ghana halisi, nchi iliyomzaa, haikuonekana kuwa na soko. Ilichukua muda kabla ya mtangazaji wa ulingoni kusema kwao ni wapi.

Kwa miaka 11 alikuwa mtu wa kuchangamsha watazamaji. Alikuwa na rekodi za kutogusa chini katika Royal Rumble, pambano la wengi ambamo anayetupwa nje na kukanyaga sakafu hutolewa: alitembea kwa mikono, akarukia kiti, akafanya vituko vya kila namna ili miguu yote miwili isikanyage sakafu. Mkanda mkubwa ulipita pembeni yake. Februari 2019 mwenzake Mustafa Ali aliumia, Kofi akaitwa kujaza pengo, akapigana kwa namna iliyowafanya watu wasimame. Kuanzia hapo ukumbi baada ya ukumbi ulianza kuliimba jina lake. Ofisi ikafuata. Tarehe 7 Aprili 2019, katika WrestleMania 35, alimwangusha Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa barani Afrika. Baada ya wiki chache alirudi Ghana na mkanda wake, nchi ambayo hakuwa ameiona tangu utotoni.

Siku ya 180, tarehe 4 Oktoba 2019, wakampeleka kwa Brock Lesnar. Kengele ikalia, Kofi akaruka, Lesnar akamdaka, akambwaga, ikahesabiwa tatu. Sekunde nane, tisa hivi. Hakuna hata pambano la marudiano lililofuata.

Wapo wanaosema kazi ni kazi na mkanda lazima uhame. Nakubali, uhame, ila si hivyo. Sammartino naye alipokea mkanda katika sekunde 48, na tangu siku hiyo Rogers ametafutiwa kila udhuru, mpaka ugonjwa wa moyo. Kofi hakutafutiwa udhuru wowote. Miezi sita ya ubingwa iliyotokana na sauti za watazamaji ilifutwa na ofisi kwa muda usiotosha kufungua kamba ya mtumbwi. Katika rekodi zote za kupanda na kushuka, hii ndiyo inayouma washabiki wa bara letu, na wana haki ya kuumia.

"Mganda" maarufu kuliko wote

Yupo mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa sura ya Afrika Mashariki katika mieleka ya dunia. Aliitwa Kamala, Jitu la Uganda. Aliingia ulingoni peku, mwili umechorwa nyota, uso umepakwa rangi nyeupe na njano, kiunoni kitambaa cha madoa ya chui, mkononi kinyago na mkuki. Alitangazwa kuwa mlinzi wa zamani wa Idi Amin, mla watu, asiyejua lugha ya binadamu. Pembeni yake alisimama mwangalizi aliyefunika uso, amevaa nguo na kofia ya mwindaji wa kizungu, akimwongoza kama mnyama.

Jina lake halisi lilikuwa James Harris. Alizaliwa mwaka 1950 Mississippi, kusini mwa Marekani, katika umaskini mkubwa, akafiwa na baba akiwa mdogo sana, akachuma matunda na kuendesha malori kabla ya kuingia kwenye mchezo. Kamala alibuniwa Memphis mwaka 1982. Filamu za "msituni" zilizomtambulisha zilipigwa huko huko Tennessee.

Nafahamu kwamba wengi wetu tulimpenda. Kwenye kibanda, picha ya video ikiwa imechakaa na sauti haisikiki vizuri, mtoto aliona mtu mweusi mkubwa aliyewafanya Wazungu wakimbie, ikatosha. Hogan na André walipambana naye, Undertaker alipambana naye Wembley mwaka 1992 mbele ya umati uliotangazwa kuwa 80,355. Kuna furaha ya kweli pale, na sitaki kumnyang'anya mtu yeyote furaha hiyo. Lakini tuitazame kwa macho ya watu wazima. Amin alipoanguka mwaka 1979, Waganda walibaki kuwazika watu wao na kuijenga upya nchi iliyovunjika. Miaka mitatu baadaye kilio chao kimekuwa vazi la jukwaani, na mtu wa kulivaa amepatikana Mississippi. Mwanzoni mwa 1993 wakaongeza kisa kingine: akaletwa mtu aliyeigiza uchungaji, Slick, kumfundisha Kamala kwamba yeye ni binadamu. Hicho ndicho kilichoandikwa, kikaonyeshwa, na watoto wetu wakakiona.

Nani alifaidika? Si Uganda, na wala si Harris sana. Alilalamika hadharani kwa miaka kwamba malipo yake yalikuwa tone tu ukilinganisha na wenzake wa ulingo mmoja. Akarudi kwenye malori. Kisukari kilimla mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka uliofuata. Alifariki Agosti 2020, akiwa na UVIKO. Kwa hiyo rekodi yake naiandika hivi: mpiga mieleka mashuhuri zaidi wa Uganda duniani hakuwa Mganda, na aliyemcheza alistahili jina lake mwenyewe na mshahara wa haki. Aliyoyafanya kwa mwili ule wa kilo zaidi ya 150, mwendo ule, macho yale yanayotembea, makofi ya tumboni, yalikuwa ufundi wa hali ya juu. Msanii alikuwa mkubwa. Kisa alichopewa kilikuwa kibaya.

Pambano kubwa ambalo halikupigwa

Kisa cha Amin na ulingo kina upande wa pili, na huu ulitokea kweli. Mapema mwaka 1979 ilitangazwa kwamba Idi Amin, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda akiwa askari, angepambana na Antonio Inoki jijini Kampala tarehe 10 Juni, Muhammad Ali akiwa refa. Tarehe 11 Aprili majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala. Amin alikimbia, na pambano likafa.

Huwa naulizwa nani angeshinda. Swali hilo silipendi. Rais aliyeua raia wake angepandishwa ulingoni kama mchekeshaji, akapigiwa makofi na dunia nzima, na ofisi ingemwandikia rekodi nyingine. JWTZ, jeshi la Tanzania, wanastahili kutajwa katika historia ya mieleka kwa kulizuia.

Inoki na Ali walikuwa wameshapimana Tokyo, tarehe 26 Juni 1976. Kwa raundi 15 Inoki alikaa chali akimpiga Ali mateke ya miguu. Ali alirusha ngumi chache mno za kuhesabika kwa vidole. Ikatoka sare, Ali akaishia hospitali na damu iliyoganda miguuni. Watazamaji walitupa takataka ulingoni. Hilo nalo ni la ajabu: pambano ambalo wengi wanaamini halikupangwa ndilo lililochukiza kuliko yote yaliyopangwa.

Ali mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba majigambo yake aliyachota kwa Gorgeous George, mpiga mieleka aliyekutana naye Las Vegas mwaka 1961 na kumshauri aongee sana, kwa kuwa watu watalipa ili waone akinyamazishwa. Majigambo hayo ndiyo yaliyotua Kinshasa kwenye pambano lake la ngumi la tarehe 30 Oktoba 1974. Kwa hiyo Mkongomani wa Mantapala anapodai kwamba mieleka ya Marekani na jiji la Kinshasa ni ndugu, hajatia chumvi.

Kuanguka bila kuguswa

Tukifika kwenye pambano fupi, Wakongomani wanacheka. Mshabiki wa WWE atakutajia Santino Marella, aliyetupwa nje ya Royal Rumble ya 2009 baada ya sekunde 1.9, na Daniel Bryan, aliyepigwa na Sheamus kwa sekunde 18 mwaka 2012. Mkongomani atakuuliza: umeona mtu akianguka kabla ya kuguswa?

Katika catch, kama mieleka inavyoitwa Kinshasa, iliyoshika mizizi tangu miaka ya 1970, wapo wanaopigana kwa ufundi wa mwili na wapo wanaopigana kwa dawa. Huyu wa dawa huingia akicheza, ngoma nyuma yake, unga mkononi, hirizi mwilini. Hana haraka. Anamzunguka mpinzani mwenye misuli kumzidi, anampulizia unga, anamnyooshea kidole, na jitu lile linaganda, linatetemeka, linaanza kucheza bila kutaka, kisha linadondoka. Refa anahesabu. Kabla ya pambano wachezaji huzungushwa mitaani juu ya magari na tarumbeta, barakoa zimefunika nyuso, watoto wakiwakimbilia. Majina kama Kelekele Lituka na Edingwe Moto na Ngenge yalipanda kupitia catch hiyo, na Edingwe mpaka leo anatajwa na Wakongomani waliotawanyika kila nchi.

Kwa mtu wa soka la Dar es Salaam jambo hili si geni. Sote tunajua kamati ya ufundi, ile inayoshughulikia dawa za timu, ni nini. Tofauti ni kwamba Kinshasa inafanyika hadharani, katikati ya ulingo, taa zikiwaka. Mabosi wa Marekani walimvika Harris uchawi wa kubuni ili watu waiogope Afrika. Wakongomani wameuchukua uchawi wanaobishana nao majumbani, kanisani na sokoni, wakauweka ulingoni kwa masharti yao, wakaucheka, wakauogopa, wakaulipia kiingilio. Ukinilazimisha kuchagua onyesho la mieleka lenye akili zaidi duniani, nachagua hilo mbele ya WrestleMania yoyote.

Na wale wanaouliza kwa dharau kama mieleka ni "ya kweli", waje Mwansabombwe mwezi wa Julai, kusini kidogo ya Nchelenge, wamtazame Mwata Kazembe akicheza Mutomboko. Anacheza peke yake, upanga na shoka mikononi, ushindi wa Walunda waliovuka Luapula. Hakuna adui uwanjani, na hakuna mtu anayesimama kuuliza adui yuko wapi.

Mwili haudanganyi

Rekodi ambazo ofisi haiwezi kuzighushi ni za mwili. Tarehe 28 Juni 1998, Pittsburgh, Mick Foley alitupwa kutoka juu ya kizimba cha karibu mita 5 akatua kwenye meza ya watangazaji. Akapanda tena, paa la kizimba likaachia, akaanguka mara ya pili mpaka ndani ya ulingo, jino likamtoka. Mshindi alikuwa amepangwa. Kuachia kwa paa lile hakukupangwa na mtu.

Tarehe 4 Julai 1916, Omaha, Joe Stecher na Ed "Strangler" Lewis walishikana kwa muda wa karibu saa 5 wakatoka sare. Mwaka 2022 Ric Flair alipigana pambano alilosema ni la mwisho akiwa na miaka 73, na baadaye akaeleza kwamba alipoteza fahamu humo ulingoni. Watu walishangilia. Mimi sikuweza, mzee wa miaka hiyo anahitaji wa kumshika mkono ateremke, na pale hakupatikana.

Rekodi ya aibu ni ya tarehe 23 Mei 1999, Kansas City. Owen Hart alikuwa ateremshwe kwa waya kutoka darini, kifungo kikaachia, akaanguka zaidi ya mita 20, akafa. Onyesho likaendelea. Wapiga mieleka walipanda ulingo ule ule ambao mwenzao ameangukia. Mjane wake, Martha, alikataa kwa miaka mingi jina la mumewe kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa kampuni hiyo. Kwake yeye heshima haikuwa ya ofisi kuitoa.

Matope ya Mukono

Rekodi ya kuanza bila kitu siitafuti mbali. Mukono, mashariki ya Kampala, Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, alianzisha mwaka 2023 kundi la Soft Ground Wrestling. Hawakuwa na fedha za ulingo. Wakachimbia nguzo za miti, wakazungushia kamba, na mahali pa turubai wakaweka matope. Vijana wa kiume na wa kike wanabwagana humo, wanaruka kutoka juu ya nguzo, wananyanyuka wamegeuka rangi ya udongo. Picha zao za simu zilizunguka dunia na kuwafikia mastaa wa Marekani wenyewe. Wengi wao ni vijana waliokosa wazazi au makao. Miaka 40 baada ya Kamala, Waganda halisi wako ulingoni kwa majina waliyojichagulia, na hakuna aliyewavika ngozi ya chui.

Fukwe za Mweru zina mchanga laini na vijana wenye vifua vya kuvuta nyavu. Ulingo wa namna ile ungegharimu miti na kamba tu, vitu ambavyo havikosekani Kashikishi. Namwomba mwenye kibanda yeyote anayesoma hapa aifikirie biashara hiyo msimu wa kufungwa ziwa.

Mwisho wa Cena

Ubishi ulio moto sasa unamhusu John Cena. Aprili 2025, mjini Las Vegas, alimshinda Cody Rhodes akafikisha ubingwa wa dunia wa 17, na kuipita 16 ya Flair ambayo kampuni inaitambua. Kisha tarehe 13 Desemba 2025, jijini Washington, akapigana pambano lake la mwisho na Gunther wa Austria. Mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alivaa mgongoni na kifuani maneno ya kutokata tamaa alipigwa kabali, akatabasamu, akagonga mkono kusalimu amri. Ukumbi ulizomea, na waliozomewa ni waliopanga.

Wanaoitetea ofisi wanasema ndiyo desturi ya kazi: anayeondoka humwachia jina anayebaki. Wanaopinga wanasema desturi ingetimia hata angeangushwa na kuhesabiwa tatu. Kusalimu amri ni jambo jingine, linafuta alichowaambia watoto kwa miaka yote, wakiwemo mamia ya wagonjwa mahututi aliowatembelea kupitia shirika la Make-A-Wish, ambako anashikilia rekodi ya kutimiza maombi zaidi ya 650. Mimi niko na wanaopinga. Ubingwa 17 alipewa na bosi, na bosi ana haki ya kuamua wa 18 uende kwa nani. Yale maombi 650 hakupewa na mtu. Alikwenda mwenyewe, chumba kwa chumba.